Kabla ya Kufuta Jina

Mwaka jana nilimfuta mtoto kwenye orodha. Alikuwa na miaka mitatu na hakuwa amekosa kitu chochote.

Nieleze vizuri. Kazi yangu ni ya vijana, lakini hapa kwenye makazi mtu akijua kusoma na kuandika anapewa kazi tatu. Mimi nilipewa pia kusaidia nasari moja. Mradi ulikuwa unalipia uji na walezi wa watoto wadogo ambao mama zao wanasoma ufundi au wana kibarua cha kila siku. Nafasi zilikuwa 40. Waombaji walikuwa wengi kuliko hizo nafasi, na wengine walisubiri tangu muhula uliopita. Kwa hiyo kila muhula tulikagua: kadi ya familia, jina la mtoto, na karatasi ya kuonyesha mama anasoma wapi au anafanya kazi gani.

Huyo mtoto, kwenye kadi jina lake lilianza na herufi moja, kwenye fomu yetu likaanza na nyingine. Mwaka wa kuzaliwa nao ulipishana. Nikachukua kalamu nyekundu nikaweka alama. Kwenye sehemu ya sababu nikaandika neno moja tu: "Shaka." Mtoto akatoka, mwingine aliyekuwa anasubiri akaingia. Sikumwita mama yake. Hakuna aliyeniambia nimwite, na mimi sikujiuliza.

Baada ya kama wiki tatu nikapita njia ya mashambani, nikamkuta yule mama analima shamba la watu. Mtoto alikuwa kwenye kivuli, amekalia kitenge, anacheza na udongo, na kila baada ya mistari miwili mama anasimama kumwangalia. Nilimsalimia, "Shikamoo, mama." Akaitika. Nikamuuliza kuhusu majina kutofautiana. Hakukasirika. Akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma. Mliniuliza jina nikawaambia, nanyi mkaandika."

Ndiyo hivyo. Fomu ilijazwa mezani kwetu, siku ya usajili, na mimi nilikuwa mmoja wa waliokuwa wanajaza. Kama mkono ulikuwa wangu au wa mwenzangu, sikumbuki. Kosa lilikuwa letu, lakini aliyelibeba ni yeye, mgongoni, pamoja na mtoto.

Tangu siku ile nina swali moja ambalo nimelizungusha kichwani na ninataka kuliweka mbele yenu, ninyi mnaosimama foleni na ninyi mnaokaa upande wa pili wa meza. Ukaguzi wowote wa nani anastahili msaada utakosea mahali fulani. Utamwingiza asiyestahili, au utamtoa anayestahili. Sasa, tukijua hivyo tangu mwanzo, kosa lianguke juu ya nani?

Mtu anaweza kusema haya ni matatizo ya kambi, ya watu wasio na vyeti na mafaili yaliyoliwa na mchwa. Nilifikiri hivyo hivyo, mpaka niliposoma habari ya Uholanzi. Wengi wetu tuna ndugu au majirani waliohamishiwa nchi za huko, na tunaamini kwamba kule kila kitu kimeandikwa na kompyuta haikosei.

Uholanzi serikali husaidia wazazi wanaofanya kazi au wanaosoma kulipia malezi ya watoto wao. Mwenye kipato kidogo husaidiwa zaidi, karibu gharama yote. Tangu miaka ya 2000 msaada huo ulisimamiwa na mamlaka ya kodi. Utaratibu ulikuwa hivi: mzazi anakadiria kipato chake na saa za malezi, serikali inampa fedha kila mwezi, halafu mwaka ukiisha ndipo hesabu inapigwa. Yaani unalipwa kwanza, unakaguliwa baadaye. Ni utaratibu wa huruma, maana mama hawezi kusubiri mwaka mzima ndipo aende kazini. Lakini una mtego ndani yake: ukaguzi ukija umechelewa, kilichokuwa msaada kinageuka deni.

Mwaka 2013 ikajulikana kwamba kuna watu walioletwa kutoka Bulgaria wakaandikishwa kwa muda mfupi ili wachote misaada ya serikali, kisha wakarudi kwao. Watu walikasirika na wabunge wakapiga kelele. Wizi ulikuwa wa kweli, na hasira ilikuwa halali. Lakini ukaguzi ulioimarishwa baada ya hapo uliwaangukia wazazi wa kawaida.

Mwaka 2014, kwa mfano, wazazi waliotumia wakala mmoja wa malezi katika mji wa Eindhoven walisimamishiwa msaada kwa mkupuo. Wakala alishukiwa, basi wote wakashukiwa. Wengi walikuwa na asili ya nchi nyingine. Mwaka 2017 ofisi ya umma inayopokea malalamiko ya raia ilitoa ripoti juu ya familia zaidi ya 200 za kundi hilo, ikasema serikali iliwatendea kwa ukali kupita kiasi. Mwaka huo huo mwanasheria wa ndani ya mamlaka yenyewe, Sandra Palmen, aliandika waraka kusema kwamba ofisi ilikosea na wazazi walipwe fidia. Waraka ukawekwa kando.

Kulikuwa pia na programu ya kompyuta iliyompa kila mwombaji alama ya hatari. Kuwa na uraia wa Uholanzi au kutokuwa nao ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoingizwa kwenye hesabu. Mwenye alama kubwa faili lake lilipelekwa kwa ofisa alikague, na ofisa hakuambiwa kwa nini kompyuta imemshuku huyu. Anaona alama tu. Niliposoma hapo nikasimama, maana niliiona kalamu yangu nyekundu. Ile yangu angalau ilikuwa na neno "shaka" pembeni.

Halafu kulikuwa na kanuni ya yote au hakuna. Mzazi alitakiwa kuchangia kiasi kidogo mwenyewe. Akishindwa kuonyesha kwamba alilipa sehemu ndogo ya mchango huo, hakuambiwa arudishe hiyo sehemu. Aliambiwa arudishe msaada wa mwaka mzima. Familia zikajikuta zinadaiwa makumi ya maelfu ya euro. Aliyepewa jina la mdanganyifu wa makusudi alinyimwa hata nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Walioenda mahakamani walishindwa, maana mpaka Oktoba 2019 mahakama ya juu ya mambo ya utawala ilikuwa inakubali kwamba sheria inataka hivyo. Wapo waliopoteza nyumba, wapo waliopoteza kazi na ndoa. Zaidi ya watoto 1,000 wa familia zilizoathirika waliondolewa kwa wazazi wao. Sisemi kila mmoja aliondolewa kwa sababu ya deni peke yake, lakini sote tunajua deni linavyoingia nyumbani na linavyokaa kitandani katikati ya baba na mama. Hebu fikiria: mpango uliowekwa kusaidia kulea watoto, mwisho wake watoto wanatolewa nyumbani.

Waliofichua walikuwa wazazi wenyewe, mwanasheria wao Eva González Pérez, waandishi wa habari, na wabunge wawili wa vyama tofauti, Pieter Omtzigt na Renske Leijten. Desemba 2020 kamati ya Bunge ikatoa ripoti, na jina lake kwa Kiswahili ni kama kusema "Dhuluma Isiyo na Kifani". Tarehe 15 Januari 2021 serikali nzima ya Waziri Mkuu Mark Rutte ikajiuzulu. Waathirika wakaahidiwa angalau euro 30,000 kila mmoja. Wazazi zaidi ya 20,000 walikuwa wameitwa wadanganyifu bila haki.

Sasa turudi kwetu. Sitaki mtu atoke hapa akisema: basi ukaguzi ni mbaya, tuache. Hapana. Sisi tunaoishi hapa Uganda tunakumbuka 2018. Kulikuwa na tuhuma kwamba kuna maofisa waliopandisha idadi ya wakimbizi. Serikali na UNHCR wakafanya uhakiki mkubwa wa alama za vidole na macho, ile wengi tuliiita verifikesheni. Kabla yake hesabu ilisema watu kama milioni 1.4. Ilipoisha ilikuwa kama milioni 1.1. Bila kuhesabu upya, ungejuaje chakula cha majina yasiyo na watu kinakwenda wapi?

Tena, kuna kitu kimoja kwenye foleni ile ambacho wazazi wa Uholanzi hawakukipata. Kila mtu aliitwa. Ilichosha, jua lilikuwa kali, watoto walilia, lakini ulijua unakaguliwa, na ulifika na vidole vyako na macho yako kusema: mimi nipo. Ukaguzi wa wote, wa mchana, ni tofauti na ukaguzi wa siri wa wachache walioshukiwa. Ule wa kwanza unakuchosha. Ule wa pili unakuhukumu kabla hujajua kwamba kuna kesi.

Kuna rafiki yangu tunayefanya naye kazi, ni mtu makini, na nilipomwambia mawazo haya alinipinga. Alisema, "Wewe unaongea kama nafasi hazina mwisho. Uholanzi ni tajiri, wakikosea wanalipa. Sisi tuna nafasi 40. Ukimwacha mmoja asiyestahili, kuna mtoto nje ya uzio anayestahili na hataingia. Huruma yako kwa huyu ni ukatili kwa yule."

Sikuwa na jibu siku hiyo. Na mpaka leo ninakubali kwamba nusu ya maneno yake ni kweli. Mwenye kudanganya hali chakula cha serikali wala cha mfadhili, anakula uji wa mtoto wa jirani. Nimewahi kumwona mtu mwenye duka analeta karatasi ya kibarua ambacho hakipo. Kumwonea aibu na kumpitisha si wema.

Lakini nikiangalia tena, naona rafiki yangu amechanganya vitu viwili. Yeye analinganisha mdanganyifu aliyeingia na mtoto aliye nje. Mimi sikumfuta mdanganyifu. Nilimfuta mtu niliyekuwa sijui ni nani. Shaka haijawa ujuzi bado. Shaka ni alama ya kuuliza, na mimi nilikuwa nimeigeuza nukta. Kumwita yule mama ingechukua dakika kumi. Angeleta kadi, ningeona herufi, ningesahihisha. Mtoto aliye nje ya uzio asingepoteza haki yake kwa sababu ya dakika kumi. Na huyo aliyeingia mahali pake, muhula ujao atakaguliwa kwa kalamu ile ile, na jina lake nalo limeandikwa na watu wenye usingizi mezani.

Jambo la pili ni uzito. Wahenga walisema vita vya panzi furaha ya kunguru, lakini hapa hata vita hakuna: upande mmoja kuna ofisi yenye mihuri, mafaili na mishahara, upande mwingine kuna mama na kitenge. Ofisi ikikosea kwa kumwingiza asiyestahili, kosa linagawanyika. Kijiko cha uji kinapungua kidogo kwa kila mtoto, au ripoti kwa mfadhili inakuwa na mstari mmoja wa aibu. Ofisi ikikosea kwa kumfuta anayestahili, kosa halimgawanyiki mtu mwingine. Analibeba mmoja, lote, siku hiyo hiyo. Hana akiba ya kulisubiria lisahihishwe. Ndiyo maana nasema makosa haya mawili si ndugu sawa, ingawa kwenye karatasi yanaitwa kwa jina moja.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili: pale ambapo hatujui, kosa libebwe na mwenye mabega mapana, yaani ofisi, mpaka tutakapojua. Naposema ofisi nasema na mimi pia. Sio kwa sababu maskini hawadanganyi. Wanadanganya, kama matajiri. Ni kwa sababu ofisi ina uwezo wa kuuliza, na mama hana uwezo wa kujua kwamba anashukiwa.

Mtu atauliza, hiyo kazini inakuwaje? Sina elimu kubwa ya mambo haya, nimemaliza sekondari tu. Lakini nimeona machache.

La kwanza, tuulize kabla ya kufuta. Jina lenye shaka libaki kwenye orodha mpaka mwenyewe aitwe, na aitwe kwa njia inayomfikia. Ujumbe wa simu kwa mtu asiye na simu hauwezi kuitwa taarifa. Mwenyekiti wa kijiji anajua kila nyumba, na mtoto wa jirani anajua njia.

La pili, tukague mapema. Uholanzi madeni yalikuwa makubwa kwa sababu yalijazana miaka. Jina lililokosewa siku ya usajili lingesahihishwa siku ya usajili, kama tungemsomea mama alichoandikiwa. Tunaandika, tunampa aweke kidole gumba, tunaita anayefuata. Amesaini kitu ambacho hakijui, halafu baadaye tunamshtaki nacho.

La tatu, adhabu iwe na kipimo cha kosa. Mama aliyechelewa kuleta karatasi ya mwezi mmoja amekosa karatasi ya mwezi mmoja. Asipoteze muhula. Ile kanuni ya yote au hakuna ina ladha ya haki kwa sababu haina upendeleo, lakini jiwe linaloponda wote sawasawa halijawa haki kwa sababu hiyo tu.

La nne, anayesikiliza malalamiko asiwe yule aliyefuta. Mimi nikijisikiliza mwenyewe nitajiona nina sababu. Nilikuwa nayo, hata siku ile: nafasi chache, bosi anataka orodha kabla ya saa kumi, majina hayafanani. Sababu zote za kweli. Nadhani hata wale maofisa wa Uholanzi wengi wao walikuwa na sababu za kweli za namna hiyo, na jioni walirudi nyumbani wakala na watoto wao.

Na la mwisho, ambalo ni gumu kusema mbele ya wageni wetu: tuangalie tunamshuku nani. Mamlaka ya kodi ya Uholanzi ilitozwa faini ya euro milioni 2.75 mwishoni mwa 2021, kwa sababu ilitumia taarifa za uraia wa watu kinyume cha sheria. Sisi hatuna kompyuta ya kutupa alama za hatari, lakini vichwani mwetu ipo. Kabila fulani tunasema ni wajanja. Waliofika juzi tunasema wamekuja kwa ajili ya mgao. Mama asiye na mume tunamuuliza maswali mawili zaidi. Ningependa siku moja tuchukue majina tuliyoyawekea alama nyekundu mwaka mzima, tuyapange mezani, tuone ni ya watu gani. Naogopa tutakachokiona, na kwa sababu hiyo nadhani tukifanye.

Kwa wafanyakazi wa mashirika ninaomba kitu kimoja. Mnapotuambia tuhakiki, tunajua nanyi mna mtu juu yenu anayewaambia mhakiki. Kwenye ripoti zenu kuna mahali pa kuandika wangapi waliondolewa kwa kutostahili. Wekeni na mstari mwingine: wangapi waliondolewa kimakosa wakarudishwa. Mkiona mstari huo una sifuri muhula baada ya muhula, msifurahi. Labda ni kwamba hakuna anayesikiliza.

Kwa wazazi: mkifutwa, njooni muulize. Najua mmechoka kuuliza. Yule mama hakuja, na nilipomuuliza kwa nini, alisema alidhani tunajua tunachofanya. Hiyo ilinichoma kuliko angenitukana.

Mtoto wake alirudi nasari muhula uliofuata, si kabla, kwa sababu nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na hatukuweza kumtoa mtoto wa pili ili kusahihisha kosa la wa kwanza. Huo muhula mmoja hatukumrudishia, na sijui ungerudishwaje. Siku ya kumwandikisha upya nilimsomea mama jina, herufi kwa herufi. Akanisikiliza, akasema, "Hapo sawa." Ndipo akaweka kidole.